Kunyamazisha maonyo ya keneli kuhusu nishati ya kichakataji wakati kompyuta inapowaka

Kompyuta inayotumia Linux inawashwa, na kabla ya skrini ya kuingilia kutokea, mistari kadhaa ya maandishi inapita upesi: mmoja unataja `ENERGY_PERF_BIAS`, mwingine unaanza na `ACPI BIOS Error`, mwingine unalalamika kwamba `_CPC` haipo. Kisha mfumo unafunguka kama kawaida na kazi zote zinaendelea bila tatizo. Mtumiaji anabaki akijiuliza kama kichakataji chake kina ubovu ambao bado haujajitokeza. Mara nyingi hakina. Mistari ya aina hii huwa ni keneli, yaani sehemu ya msingi ya mfumo wa Linux, ikieleza kwamba programu dhibiti ya ubao mama (BIOS) haikuipa taarifa iliyoitarajia, au imeikabidhi mpangilio ambao keneli imeamua kuubadilisha.

Neno "kunyamazisha" hubeba mambo mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakowapotezea watu muda. Jambo la kwanza ni kuondoa chanzo, ili mstari usiandikwe kabisa. Jambo la pili ni kuizuia skrini isiuoneshe, huku mstari wenyewe ukibaki katika kumbukumbu za keneli. Mimi hushauri kuanza na la kwanza kila linapowezekana, na kulitumia la pili kwa mabaki tu, yaani kwa yale maonyo ambayo tumeshayaelewa na ambayo chanzo chake hakimo mikononi mwetu.

Pata kwanza maneno yenyewe

Usifanye uamuzi kwa kutegemea mistari iliyopita mbele ya macho. Mfumo ukishafunguka, fungua dirisha la amri na uyasome maneno kamili:

`sudo dmesg --level=emerg,alert,crit,err,warn`

Katika mifumo inayotumia systemd, amri ifuatayo hutoa habari hizohizo kwa uwashaji wa sasa pekee:

`journalctl -k -b -p warning`

Kila ujumbe wa keneli una ngazi yake ya uzito, kuanzia 0, ambayo ni dharura, hadi 7, ambayo ni maelezo ya wachunguzi wa programu. Hitilafu ziko ngazi ya 3, maonyo ngazi ya 4, na taarifa za kawaida ngazi ya 6. Skrini huonesha ujumbe ambao namba yake ni ndogo kuliko kizingiti kilichowekwa. Kigezo cha `quiet`, yaani neno la mpangilio ambalo keneli hupewa inapowaka, na ambacho usambazaji mwingi wa Linux hukiweka tangu mwanzo, kwa kawaida hushusha kizingiti hicho hadi 4, kwa hiyo ngazi za 0 hadi 3 huendelea kuonekana. Hapo ndipo ulipo ufumbuzi wa fumbo linalowasumbua wengi: onyo la `ENERGY_PERF_BIAS` hutoweka mara `quiet` inapowekwa, kwa sababu liko ngazi ya 4, ilhali hitilafu za ACPI, yaani kanuni ambazo kwazo programu dhibiti huueleza mfumo kuhusu vifaa na nishati, hubaki palepale kwenye skrini, kwa sababu ziko ngazi ya 3.

Kabla ya kuendelea, hakikisha pia kwamba usimamizi wa nishati unafanya kazi:

`cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_driver`
`cat /sys/devices/system/cpu/cpuidle/current_driver`

Amri ya kwanza ikijibu `intel_pstate`, `intel_cpufreq`, `amd-pstate`, `amd-pstate-epp` au `acpi-cpufreq`, basi kipo kiendeshi kinachopandisha na kushusha kasi ya kichakataji. Amri ya pili inapojibu `intel_idle` au `acpi_idle`, viini vya kichakataji vinapata nafasi ya kupumzika pasipo na kazi. Majibu hayo mawili yakiwa sawa, onyo lililobaki lina uwezekano mkubwa wa kuwa kelele tupu. Faili ya kwanza isipokuwapo kabisa kwenye kompyuta halisi, basi una tatizo la kweli la kutatua, na kulificha onyo kutakuumiza.

Dalili: `ENERGY_PERF_BIAS: Set to 'normal', was 'performance'`

Onyo hili huonekana kwenye vichakataji vya Intel. Ndani ya vichakataji hivyo imo rejista ndogo, yenye anwani 0x1B0, inayokiambia kichakataji kipendelee nini pale kinapolazimika kuchagua kati ya kasi na kuhifadhi umeme. Thamani zake huanzia 0, ambayo ni kasi kwanza, hadi 15, ambayo ni kuhifadhi umeme kwanza, na 6 ndiyo ya kawaida. Kichakataji kinapowashwa, rejista huanza ikiwa na 0. Programu dhibiti nyingi haziigusi. Keneli inapoikuta 0 huchukulia kwamba hakuna aliyeichagua thamani hiyo kwa makusudi, huiweka 6, na kuuandika mstari huo mara moja tu ili mwenye kompyuta ajue kwamba kuna kilichobadilishwa.

Kwa hiyo mstari huu ni taarifa ya kitendo kilichokwisha kufanyika, na kitendo chenyewe ni cha busara kwa kompyuta nyingi. Wapo wanaousoma na kudhani kwamba kompyuta yao imepunguzwa nguvu. Thamani ya 6 haikizuii kichakataji kufikia kasi yake ya juu. Hubadilisha tu namna kinavyopima faida ya kupanda dhidi ya gharama ya umeme.

Ukitaka mstari usiandikwe kabisa, ingia kwenye mipangilio ya BIOS na utafute sehemu ya usimamizi wa nishati ya kichakataji. Mbao mama za seva kwa kawaida huwa na chaguo la upendeleo wa nishati, lenye hali ya kasi, hali ya wastani na hali ya kuhifadhi. Ukichagua hali ya wastani, programu dhibiti itaandika thamani isiyo 0, na keneli haitakuwa na la kubadilisha wala la kusema. Kompyuta nyingi za mkononi hazina chaguo hilo, na kwa hizo `quiet` inatosha.

Iwapo unayo sababu ya kutaka 0, kwa mfano seva ambayo lazima ijibu haraka kila wakati, usipambane na onyo. Acha keneli iweke 6, kisha uirudishe 0 baada ya mfumo kuwaka, kwa kutumia programu ya `x86_energy_perf_policy` au, katika keneli za kuanzia toleo la 5.2, kwa kuandika thamani hiyo moja kwa moja katika faili ya kila kiini:

`echo 0 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpu*/power/energy_perf_bias`

Dalili: jozi za hitilafu za ACPI zinazotaja `_CPC`

Hii ndiyo inayojaza skrini kuliko nyingine zote, na ndiyo inayotisha zaidi kwa sababu ina maneno mawili mazito, hitilafu na ubovu. Mfano wake ni huu:

`ACPI BIOS Error (bug): Could not resolve symbol [\_PR.PR00._CPC], AE_NOT_FOUND`
`ACPI Error: Aborting method \_PR.PR01._CPC due to previous error (AE_NOT_FOUND)`

Katika kompyuta nyingine sehemu ya mwanzo huwa `\_SB` badala ya `\_PR`, na mwishoni hufuata namba za ndani za keneli ambazo hazina umuhimu kwetu. Cha kuangalia ni majina ya viini. `PR00` ni kiini cha kwanza na `PR01` ni cha pili. Mstari wa kwanza unasema kwamba maelezo ya `_CPC` ya kiini cha kwanza hayakupatikana, na wa pili unasema kwamba ombi la kiini cha pili limekatizwa kwa sababu hiyo.

`_CPC` ni maelezo ambayo programu dhibiti huyatoa kuhusu uwezo wa kila kiini: utendaji wake wa juu kabisa, wa kawaida na wa chini, na mahali pa kuandika utendaji unaotakiwa. Utaratibu huu uliingia katika kanuni za ACPI toleo la 5.0, mwaka 2011. Waandishi wa programu dhibiti, ili kuepuka kurudia maelezo yaleyale, huyaandika kamili kwa kiini cha kwanza, kisha viini vingine vyote hujibu kwa kurejelea kiini hicho. Tatizo huzuka pale jedwali lenye maelezo ya kiini cha kwanza linapoachwa nje na majedwali ya viini vingine yakabaki. Keneli inapopita kiini baada ya kiini kuuliza, kila kimoja huielekeza mahali pasipo na kitu. Kwa mashine yenye viini nane vinavyoonekana kwa mfumo, kiini cha kwanza hakisemi lolote na saba vilivyobaki hutoa mistari miwili kila kimoja, yaani mistari 14 yenye habari moja.

Jedwali hilo mara nyingi huachwa nje kwa sababu kichakataji kimezimiwa uwezo wa kujipangia kasi chenyewe, ambao Intel huuita Speed Shift. Ingia BIOS, tafuta jina hilo, uliwashe, kisha uwashe kompyuta upya na urudie amri ya `dmesg`. Ikiwa chanzo kilikuwa hicho, jozi zote zitatoweka pamoja, na faida ya ziada ni kwamba kichakataji kitabadilisha kasi upesi kuliko awali. Nataka kusisitiza jambo hili, kwa sababu anayekimbilia kuficha mistari hii hujinyima marekebisho ya kweli yaliyokuwa hatua chache tu mbele yake.

Chaguo hilo lisipokuwapo, au likiwa limeshawashwa, angalia toleo la BIOS kwa amri ya `sudo dmidecode -s bios-version` na ulilinganishe na toleo jipya kabisa linalotolewa na mtengenezaji wa ubao mama. Kosa la majedwali ni kosa la programu dhibiti, na mahali pake pa kurekebishwa ni humo.

Ipo njia nyingine, ya kuyatoa majedwali kwa `acpidump`, kuyafasiri kwa `iasl -d`, kuyasahihisha, na kuipa keneli nakala iliyosahihishwa kupitia initrd, yaani faili ya awali inayopakiwa pamoja na keneli. Njia hiyo inafanya kazi, lakini siipendekezi kwa ajili ya kuondoa mistari isiyo na madhara. Siku BIOS itakaposasishwa, nakala yako itaendelea kufunika jedwali jipya kwa la zamani, na tatizo litakalotokana na hapo litakuwa gumu kuligundua kuliko hili la sasa.

Kama hakuna kilichosaidia, tulia. Kiendeshi cha `intel_pstate` husoma mipaka ya kasi moja kwa moja kutoka rejista za kichakataji, kwa hiyo kukosekana kwa `_CPC` hakukizuii kufanya kazi yake. Hitilafu hizi sasa ni za kufichwa, na utaratibu wake nitaueleza mbele.

Dalili: `amd_pstate: the _CPC object is not present in SBIOS or ACPI disabled`

Hapa kilichokosekana ni kilekile, ila safari hii kina uzito zaidi. Kiendeshi cha `amd_pstate` kiliingia katika keneli ya 5.17 mwaka 2022, na chenyewe hutegemea `_CPC` ili kufanya kazi. Kisipoipata hujiondoa, na `acpi-cpufreq` ya zamani hushika nafasi yake. Kompyuta itaendelea vizuri, lakini itakuwa na ngazi chache tu za kasi badala ya mpangilio laini wa kiendeshi kipya.

Tiba ya kwanza ni kuingia BIOS na kuwasha CPPC, utaratibu wa ACPI ambao `_CPC` ni sehemu yake, na ambayo kwa kawaida hukaa katika mipangilio ya ndani ya kichakataji. Ikiwa ubao mama hauna chaguo hilo hata baada ya kusasishwa, kiendeshi hakitapata kinachokihitaji, na ni halali kukizuia kisijaribu. Watu hukimbilia `amd_pstate=disable`, kisha hushangaa kuona onyo bado lipo. Sababu ni kwamba katika matoleo kadhaa ya keneli, ukaguzi wa `_CPC` hufanyika kabla ya kigezo hicho kuangaliwa. Kuweka jina la kiendeshi katika orodha ya moduli zilizokatazwa nako hakusaidii, kwa kuwa kiendeshi kimejengwa ndani ya keneli yenyewe. Kinachofanya kazi ni kigezo kinachoizuia kazi yake ya kuanzia:

`initcall_blacklist=amd_pstate_init`

Kumbuka kukiondoa kigezo hicho ikiwa baadaye utasasisha BIOS au kubadilisha ubao mama, vinginevyo kiendeshi kizuri kitabaki kimefungiwa nje.

Dalili zilezile ndani ya mashine pepe

Amri ya `systemd-detect-virt` ikijibu chochote kisichokuwa `none`, uko ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi iitwayo mwenyeji, na uchunguzi wako unakuwa mfupi. Mashine pepe huoneshwa kichakataji cha mwenyeji bila kukabidhiwa usimamizi wa nishati yake, kwa hiyo ujumbe wa `_CPC` au `intel_pstate: CPU model not supported` ni matokeo ya kawaida kabisa. Kasi ya viini husimamiwa na mwenyeji. Ficha na uendelee.

Wanaotumia FreeBSD, mfumo mwingine usio Linux, hukutana na ndugu wa tatizo hili. Mstari usemao `est: CPU supports Enhanced Speedstep, but is not recognized` hufuatwa na `device_attach: est0 attach returned 6`, na hurudiwa kwa kila kiini. Kiendeshi cha `est` kimekosa orodha ya kasi kutoka ACPI, ama kwa sababu SpeedStep imezimwa katika BIOS, ama kwa sababu ni mashine pepe. Kwenye kompyuta halisi, washa SpeedStep kwanza. Kwenye mashine pepe, kizime kiendeshi katika `/boot/loader.conf`, mstari mmoja kwa kila kiini, ukianzia 0:

`hint.est.0.disabled="1"`
`hint.est.1.disabled="1"`

Zima pia `powerd`, huduma inayorekebisha kasi ya kichakataji, kwa kuweka `powerd_enable="NO"` katika `/etc/rc.conf`, kwa kuwa nayo italalamika kwamba haina cha kusimamia.

Yasiyopaswa kunyamazishwa

Ujumbe wa `Core temperature above threshold, cpu clock throttled` unafanana na mingine kwa sura tu. Huo unasema kwamba kichakataji kimepata joto hadi kikajipunguzia kasi ili kisiungue. Angalia feni, vumbi na mafuta ya kupitishia joto, na ufuatilie hesabu katika `/sys/devices/system/cpu/cpu0/thermal_throttle/core_throttle_count`. Vilevile, ujumbe wa `TSC_DEADLINE disabled due to Errata; please update microcode to version` unataka usasishe msimbo wa ndani wa kichakataji, kupitia kifurushi cha `intel-microcode` katika Debian na Ubuntu, au `microcode_ctl` katika Fedora. Ukishasasisha, ujumbe hutoweka wenyewe.

Nawasihi pia wasomaji wajiepushe na `acpi=off`, ambayo hutajwa mara kwa mara kama dawa ya hitilafu za ACPI. Kigezo hicho hunyamazisha kweli, lakini huondoa pamoja na kelele hizo usimamizi wote wa nishati unaotegemea ACPI, na kinaweza kuifanya keneli ishindwe kuvitambua baadhi ya viini vya kichakataji.

Kuficha kilichobaki

Jaribu kwanza bila kuandika popote. Kwenye menyu ya GRUB, programu inayoipakia keneli kompyuta inapowaka, bonyeza `e`, nenda kwenye mstari unaoanza na `linux`, na mwishoni mwake, baada ya neno `quiet`, ongeza:

`loglevel=3`

Bonyeza Ctrl na x ili kuendelea. Mabadiliko haya hufutika katika uwashaji unaofuata, kwa hiyo hakuna hatari ya kuharibu kitu. Ukiridhika, fungua faili ya `/etc/default/grub`, weka `quiet loglevel=3` katika `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, kisha uendeshe `sudo update-grub` kwa Debian na Ubuntu. Kwa Fedora, tumia `sudo grubby --update-kernel=ALL --args="loglevel=3"`.

Sasa skrini itaonesha ngazi za 0 hadi 2 pekee. Gharama yake ifahamike: hitilafu za diski na za vifaa vingine, ambazo nazo huwa ngazi ya 3, hazitaonekana tena wakati wa kuwaka. Zitaendelea kuandikwa katika kumbukumbu, lakini kompyuta ikikwama kabla ya kufunguka hutaweza kuzifikia kumbukumbu hizo kwa urahisi. Siku hiyo rudi kwenye menyu ya GRUB, bonyeza `e`, na uondoe `quiet` na `loglevel=3` ili uone kila kitu.

Dalili: kigezo kimewekwa, mistari bado inaonekana

Soma kwanza `/proc/cmdline`. Ikiwa `loglevel=3` haimo, basi faili ya GRUB ilihaririwa lakini amri ya kuisasisha haikuendeshwa, au kompyuta inawaka kupitia mpangilio mwingine. Ikiwa imo lakini imetangulia `quiet`, zibadilishe nafasi, kwa sababu vigezo hivi husomwa kwa mpangilio na cha mwisho ndicho kinachoshinda. Angalia pia kama kuna `debug` au `ignore_loglevel` katika mstari huohuo. Ya pili hufanya skrini ioneshe kila ujumbe bila kujali kizingiti.

Hali nyingine ni ile ambapo mwanzo wa uwashaji uko kimya lakini mistari inaanza kutokea baadaye. Endesha `cat /proc/sys/kernel/printk` na uangalie namba ya kwanza kati ya nne. Ikiwa si 3, kuna faili katika `/etc/sysctl.d/` iliyokibadilisha kizingiti baada ya keneli kuanza. Katika Ubuntu, faili hiyo ni `10-console-messages.conf`. Badala ya kuihariri, tengeneza faili nyingine yenye jina linalofuata baada yake kwa mpangilio wa herufi, kwa mfano `90-kimya.conf`, yenye mstari huu:

`kernel.printk = 3 4 1 3`

Faili hiyo peke yake haitoshi, kwa kuwa mipangilio ya sysctl husomwa wakati hitilafu za ACPI zimeshapita skrini zamani. Kigezo cha GRUB hushughulikia mwanzo wa safari, nayo faili hushughulikia kinachofuata.